Mashine ya Padri na Kengele ya Saa Sita

Kwa kawaida mtu husifiwa na wenzake. Mimi nimengoja miaka zaidi ya ishirini, wenzangu wamenyamaza, kwa hiyo nitajisifu mwenyewe: mwaka ule wa vita, katika Uvira nzima hadi Kalundu bandarini, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuifanya mashine ya Padri iseme, na mtu huyo nilikuwa mimi, Mado, fundi wa Kilibula. Niliifanya iseme kwa kopo la maziwa ya unga, nyaya za simu iliyokufa na kitabu kilicholiwa na panya. Na kwa kuwa sifa bila aibu ndani yake ni mboga isiyo na chumvi, nitaeleza pia jinsi nilivyokosea mbele ya ua mzima wa watu walioshika sahani za bugali, na jinsi mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi alivyonisahihisha bila kuinuka kwenye mkeka wake.

Mama huyo, Mama Feza, tumemzika mwezi uliopita. Alikufa kitandani mwake, Rugenge, mzee mwenye meno yake yote, kifo ambacho mwaka ule hakuna kati yetu aliyethubutu kukiomba. Siku ya tatu ya kilio binti yake Feza, niliyemjua akiwa mtoto wa mgongoni na ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari anayenizidi kimo, alinivuta hadi chumba cha ndani, akafungua sanduku la nguo, akatoa kopo lililofungwa kwa kitambaa cheusi. "Mama alisema hii irudie kwako," akaniambia. "Na tena tunakuomba, Tantine, siku ya kutosha kilio, ya kuondoa matanga, utuwekee ile sauti ya Papa." Nilipokea kwa mikono miwili. Sikulifungua pale. Nilikwenda nalo nyumbani nikaliweka mezani, kati ya vinanda viwili vya zamani nilivyoletewa kutoka Bujumbura, nikalitazama mpaka chai ikapoa.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nikifanya kazi katika atelie ya Fundi Anselmi, mzee aliyetengeneza redio tangu enzi za redio za taa, kabla ya transista, na ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kazi. Atelie ilikuwa chumba kimoja cha mbao kilichoegemea kinu cha kusagia mihogo. Unga ulipenya kwenye nyufa za ukuta ukatua juu ya kila kitu, hata juu ya chuma cha kulehemu, na kila kilipopata moto chumba kilinuka kama jiko la mtu. Saa sita tulikula hapo hapo juu ya meza ya kazi, bugali na ndagala zilizokaangwa kwa mawese, na Fundi alikuwa na sheria moja tu ya mezani: usiguse transista kwa mkono wenye mawese. Kupitia ukuta huo wa mbao niliyasikia mazungumzo yote ya mji. Wanawake waliopanga foleni kinuni hawakujua kwamba kuna mtu upande wa pili, au walijua na hawakujali, na siku umeme ulipokatika na kinu kikanyamaza, nilisikia kila neno kama nimekaa nao.

Hivyo ndivyo nilivyosikia habari za Mama Feza. Mumewe, Donati, alikuwa maestro wa korali ya parokia, mtu mwembamba mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Alikuwa ameuawa karibu mwaka mmoja kabla, gari alilopanda kutoka bondeni lilipopigwa risasi, na waliokuwa kule wakamzika walipomkuta, mahali ambapo familia haikuweza kufika. Hakukuwa na mwili, hakukuwa na kaburi, hakukuwa na mkono wa udongo wa kutupa. Sasa familia ya mume ilikuwa imepanga siku ya kuondoa matanga, na mjane alikuwa amekataa. "Anasema hatavula nguo nyeusi," nikasikia sauti moja nyuma ya ukuta. "Anasema, nitaagana na nani? Hawakunionyesha muntu." Sauti nyingine ikajibu: "Lakini shemeki yake ameisha kualika batu." Na ya tatu, ya mama mzee: "Mjane asipoagana, hatakaa vizuri. Hata bana bake hawatakaa vizuri." Kinu kikawaka tena, nikabaki na chuma cha moto mkononi. Niliwaza maneno hayo mchana wote, kwa sababu nilijua sauti ya maestro Donati iko wapi.

Ilikuwa katika ofisi ya parokia, Rugenge, ndani ya kabati. Padri mmoja mgeni, kabla ya kuondoka na vita, alikuwa ameacha mashine ya kurekodi aliyopewa na rafiki zake wa Ulaya ilipokwisha kupitwa na wakati huko kwao. Ilikuwa nzito kama gunia la muhogo na ilikula kanda zilizofanana na za video. Haikuandika sauti yenyewe kwenye kanda, iliandika namba za sauti, maelfu ya namba kwa kila pumzi ya mwimbaji. Padri aliirekodi korali yote kwa mashine hiyo, Donati akiongoza. Kisha, siku moja, baada ya wiki nzima ya giza, umeme ulirudi kwa hasira na kuunguza matundu ya kawaida ya mashine, yale ya kupeleka sauti kwenye spika. Kilichobaki hai nyuma yake kilikuwa tundu moja pana lenye meno ishirini na matano, la kutolea zile namba tu. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Zamani zile kila kiwanda kilikuwa na tundu lake na mpangilio wake wa meno, kila kimoja kikiamini kwamba dunia nzima itakifuata. Dunia haikufuata. Redio ya mji wetu ilikuwa na kinasa sauti kidogo kipya, kilicholetwa na watu wa misaada, nacho pia kilipokea namba, lakini kwa tundu moja la duara na kwa mpangilio mwingine kabisa. Nilikiazima, na mashine mbili zikawa mezani pamoja, zote zinajua kuhesabu, na hakuna iliyomwelewa mwenzake.

Nilimwambia Fundi Anselmi nitajenga adapta ya kuzikutanisha. Alinigeuzia sikio lake zuri, akanitaka nirudie, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Ile haiko redio, Mado. Redio ikikosea inapiga kelele, unaisikia. Ile ya namba ikikosea, inanyamaza." Nikamjibu kwamba na mimi si wa kunyamaza. Hakunikataza. Aliniachia saa za mchana, wiki tatu, na ndivyo alivyokuwa: alicheka kwanza, halafu akakuazimisha koleo lake zuri.

Kitabu cha mashine kilikuwa cha Kifaransa, na panya walikuwa wamekula nusu yake ya chini, kwa hiyo kila ukurasa uliniambia mwanzo wa kila jambo. Meno ya lile tundu niliyatafuta moja baada ya jingine, kwa taa ndogo na kifaa cha sikioni, nikiandika kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa sukari: hili ni la namba zenyewe, hili ni la mapigo, hili halina kitu. Vipande vya kuzipanga upya namba nilivitoa katika mashine zilizoharibika, na vyote nikavifunga ndani ya kopo la maziwa ili bati lizuie kelele za umeme. Kilichonisumbua zaidi kilikuwa saa. Mashine ya Padri ilikuwa imeunguza pia saa yake ya ndani, na hapa sisemi saa ya kuonyesha sita au saba. Ni kijiwe kidogo ndani ya kasha la bati, kikipata umeme kinatetemeka kwa mwendo ule ule bila kuchoka, na mashine inazungusha kanda na kusoma namba kwa kuufuata mtetemo huo, kama korali inavyofuata mkono wa maestro. Bila jiwe, mashine ilisimama tu. Kitabu kilisema kwamba mashine iliweza kurekodi kwa miendo miwili, mmoja wa studio na mwingine, wa polepole kidogo, wa diski zile zinazong'aa. Namna ya kujua kanda fulani ilirekodiwa kwa mwendo upi ilielezwa chini ya ukurasa, na chini ya ukurasa ilikuwa tumboni mwa panya.

Jiwe nililipata Kalundu, katika kinanda cha umeme kilichotumbukia ziwani mtumbwi uliojaa wakimbizi ulipoegemea upande. Kinanda kilikuwa kimekufa, lakini jiwe huwa halifi kwa maji. Lilikuwa na maandishi safi, lilikuwa jiwe la mwendo wa studio, na mimi nikajiambia kwamba Padri aliyejua kazi yake hangeweza kutumia mwendo mwingine. Sikumuuliza mtu. Nililehemu jiwe hilo ndani ya kopo, nikachomeka, na mashine ya Padri, iliyokaa kimya mwaka mzima, ikavuta kanda yake kwa mlio mdogo kama mtu anayemeza mate. Nilipiga kelele peke yangu ofisini. Karani wa parokia alikuja mbio akidhani ni risasi.

Waliokuja siku iliyofuata ndio waliokuwa na risasi kweli. Askari wawili wa wale walioshika mji wakati huo walipita dirishani, wakaona waya, wakaingia. Miezi ile mtu aliweza kupotea kwa sababu ya waya mmoja. "Hii ni foni," mkubwa wao akasema, akimaanisha redio ya kuongelea mbali. "Unaongea na nani?" Mdomo haukunikwama, namshukuru Mungu kwa kunipa mdomo huo. "Afande, hii ni ya korali." Alilitazama kopo la maziwa kwa muda mrefu. "Kama ni ya korali, imba." Nilikuwa na Pasikali, mpiga gita wa korali, aliyekuja kunisaidia, tukaimba wimbo wa sadaka, mimi nikiwa na sauti ya chura. Kwenye kiitikio yule askari wa pili, aliyekuwa hajasema neno, akaingia na besi, nzuri, iliyofundishwa mahali fulani na mtu fulani. Mkubwa wake akamgeukia. Wimbo ulipokwisha, waliondoka bila kugusa kitu.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuondoa matanga, nilihamisha wimbo wote kutoka kwenye kanda hadi kwenye kinasa kipya. Sauti ya Donati ilitoka safi, bila mkwaruzo, ikanijaza machozi. Nilikuwa na akili ya kutosha kutaka uhakika, kwa hiyo nilimwomba Pasikali apige gita pamoja na sauti hiyo, tuone kama ni sawa. Gita lake lilikuwa na nyaya za breki za baiskeli, zililegea kila mara jua likipanda, na kila mara alizikaza upya. Aliinama, akasikiliza, akakaza, akapiga. Ilikuwa sawa kabisa, kila uzi. "Ni yeye," Pasikali akasema, akifuta macho. Mjane mwenyewe hatukumwita asikilize, kwa kuwa wiki ya mwisho ya matanga mjane hatoki uani, wala vitu vya siku yenyewe haviingii kabla ya siku. Nilimtumia ujumbe tu kwamba ataagana na mtu wake. Alijibu neno moja: atasikiliza.

Jumamosi hiyo ninaikumbuka kwa pua kabla ya macho. Masufuria ya sombe, majani ya mihogo, yalikuwa yanachemka tangu alfajiri, samaki mukeke wa kuchoma, mawese, moshi wa kuni mbichi. Ua wa Mama Feza ulipakana na kanisa, mnara wa kengele ukiwa juu ya migomba yake. Papa Jule, ndugu wa marehemu, mwenye baa kule Kalundu, mtu mnene wa sauti kubwa na moyo mwepesi kuliko alivyopenda kuonyesha, alikuwa ameleta jenereta, spika zake mbili na mashine yake ya diski, fahari ya baa yake, ili watu wacheze baada ya nguo nyeusi kuvuliwa. Aliifunika kwa taulo nyeupe kama mtoto mchanga. Mama Feza alikaa kwenye mkeka, mweusi kuanzia kichwani hadi miguuni, dada wa marehemu kando yake na kitenge kipya kikiwa kimekunjwa magotini. Nikaunganisha kinasa na spika. Nakiri kwamba nilitazama kwanza nani ananitazama.

Sauti ya Donati ikatoka juu ya ua. Kisha wanawake wakaangua kilio, wanaume wakaweka sahani chini, Papa Jule akajiziba uso kwa kofia yake. Korali kwenye kanda iliitikia, na walio hai wakaanza kuitikia pamoja nayo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya spika nimevimba kama andazi.

"Zimisha," Mama Feza akasema.

Sikudhani nimesikia vizuri. Alirudia, bila kupaza sauti, nikazima. "Huyu haiko bwana yangu."

Ua ukaguna. Papa Jule alikuja akapiga magoti mbele yake. "Shemeki, ni Donati. Batu bote banamujua."

"Niliimba pembeni yake miaka kumi. Sauti yake ilikuwa inatokea hapa," akagusa tumbo. "Huyu anaimbia mu pua. Na ile mwanamuke anayeitikia, banasema ni minye," akajigusa kifua. "Haiko minye."

Mtu mmoja nyuma akasema kwamba hakuna anayeijua sauti yake mwenyewe. Mwingine akasema, kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba ni kilio, kilio kinaharibu masikio, na akili pia. Nami, Mungu anisamehe, nikaongeza langu. "Mama, mashine haidanganyi. Inasoma namba. Tena tulipima na gita."

Akanitazama. Mpaka leo naikumbuka ile sura, haikuwa na hasira hata kidogo. "Weye unajua namba, mwanangu. Minye ninajua bwana yangu. Sitavula kwa muntu simujui." Akafunga mikono. Dada wa marehemu alikibana kitenge kipya kifuani hajui akipeleke wapi. Kama angekataa siku ile, mbele ya watu wote, ndugu wa mume wasingemwitia siku nyingine, na angebaki mjane wa mtu asiyezikwa, na watoto wake wanne pamoja naye. Kila mtu uani alilijua hilo. Yeye alilijua kuliko wote, na hakusogea.

"Siku ile ya kurekodi," akaendelea, "Zakari alipiga kengele ya saa sita tukiwa hatuyamaliza kuimba. Donati alimukasirikia sana. Kengele iko ndani ya kanda, kule mwisho. Mupige ile ya kanisa, halafu mutuwekee ya kanda. Banasema minye niko na kilio. Kengele haiko na kilio."

Zakaria, mpiga kengele, alikuwepo, na sahani mkononi. Aliiweka chini, akapita kwenye migomba. Tukasikia kengele ya kanisa mara moja, nzito, ikikaa hewani. Nikapeleka kinasa hadi mwisho wa wimbo, nikawasha. Kengele ya kwenye kanda ikalia. Ilikuwa juu zaidi. Si kwa mbali, lakini hata mtoto aliisikia, ilikuwa kama kengele ya kanisa jingine, dogo, la watu wenye haraka. Zakaria akapiga tena bila kuambiwa, nami nikaweka tena, na kila mtu uani akageuza kichwa huku na huku, mnara, spika, mnara, spika. Chuma kile hakikuwa kimebadilika tangu kilipopandishwa pale. Kilichobadilika ni kazi yangu.

"Mado," Pasikali akaniita kwa sauti ndogo. Alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. "Ile gita, jana. Nilikaza nyaya nikisikiliza kanda." Ndivyo alivyofanya maisha yake yote: kwao gita hufuata mwimbaji, mwimbaji hafuati gita. Alikuwa ameliweka gita sawa na kanda, kisha tukaipima kanda kwa gita hilo hilo, tukafurahi kwamba vinafanana. Sikumlaumu. Yeye alifanya alivyozoea, na mimi niliyejiita fundi nilikuwa nikimtazama akikaza kila waya.

Niliona aibu, na ninaisema kama ilivyokuwa: nilitaka ardhi ipasuke. Lakini aibu ilikaa kwangu muda wa kumeza mate mara mbili tu, kwa sababu nyuma yake akili ilikuwa imeshafika. Jiwe langu lilikuwa la studio, nalo lilikimbiza kanda, na kanda ikikimbia sauti inapanda. Kwa hiyo Padri alitumia ule mwendo mwingine, wa diski. Nilihitaji jiwe linalotetemeka kwa mwendo wa diski, na jiwe kama hilo hukaa mahali pamoja tu, ndani ya mashine ya kupigia diski. Nikageuza macho kuelekea mezani. Watu waliona ninatazama nini, wakatazama na wao, mpaka ua mzima ukawa unaitazama taulo nyeupe ya Papa Jule.

"Hapana," Papa Jule akasema. "Hapana, hapana. Hii ilitoka Dubai." Akasimama mbele yake na mikono miwili imenyooka. Alimtazama shemeji yake pale mkekani, mweusi, mikono imefungwa, akanitazama mimi, akaitazama kengele. Yeye ndiye aliyemwambia mjane siku nyingi kwamba amekazana na huzuni tu. Akaondoa taulo, akachomoa waya, akaibeba mwenyewe kifuani hadi ofisi ya parokia nami nikimfuata mbio. "Fungua," akaniambia, akiiweka mezani. "Fungua upesi, mbele roho yangu ibadilike." Nilipong'oa jiwe aligeukia ukutani.

Ilinichukua zaidi ya saa moja. Sombe ilipoa, watu wakala ilivyopoa, hakuna aliyeondoka. Nililehemu jiwe la Papa Jule ndani ya kopo, nikahamisha wimbo upya kwenye kinasa, na safari hii, kabla ya kurudi uani, nilimwomba Zakaria apige kengele nikiwa na kifaa sikioni. Nilisikiliza mara tatu. Nilirudi bila kuvimba.

Sauti ilipotoka, ilikuwa ya chini, ya polepole, ya tumboni, na hapo sote tulitambua kwamba ile ya kwanza tuliilia kwa haraka zetu. Donati aliimba shairi la kwanza peke yake. Kiitikio kilipofika, Mama Feza aliitika, akiwa amekaa pale pale, na sauti yake ya uani na sauti yake ya kwenye kanda zikakutana na hakukuwa na nafasi ya kupitisha uzi kati yake. Waliimba hivyo, yeye na mumewe, wimbo mzima. Mwishoni kengele ikalia, na baada yake, mbali na kipaza sauti, tukamsikia Donati akigomba: "Zakari, haungengojea?" Watu walicheka na machozi usoni. Yeye pia alicheka.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye. Kisha akasema na spika, kama unavyosema na mtu aliye mlangoni: "Umeimba muzuri, Donati. Enda ulale sasa." Akainua mikono, na dada wa marehemu akamvua nguo nyeusi.

Kabla sijaondoka aliniita, amevaa kitenge cha njano, akaniomba lile jiwe la kwanza. Nilimwambia halina kazi. "Ninajua. Nipe ile jiwe ya uongo. Na kopo pia, nitakuchungia." Nilimuuliza la nini. "Siku ingine bataniambia tena kama kilio imenitosha akili, imeiharibu. Nitakuwa ninaiangalia." Nikampa. Papa Jule mwaka ule hakupiga diski tena. Baa yake iliimbiwa na Pasikali, na wateja walizidi.

Nimejenga adapta nyingi tangu wakati huo. Watu wananiletea kutoka Bukavu, Kigoma na Bujumbura vinanda na mashine za kanda ambazo matundu yake hakuna anayeyajua tena, na ninavifungua, na kwa kawaida vinasema. Kazi ninaijua. Lakini sipimi tena kazi yangu kwa kitu kilichokaa nami chumbani. Ninatafuta kitu cha nje, kisichonijua wala kunipenda, na wateja wengine wanaona ninawachelewesha bure.

Chai ilikuwa imepoa kabisa nilipolifungua kopo. Nyaya zangu zilikuwa pale, zimelehemiwa kwa mkono wa msichana mwenye haraka, na jiwe la Papa Jule mahali pake. Chini, ndani ya karatasi, lilikuwa lile jingine, maandishi yake safi kama siku niliyolipata. Alikuwa amelichunga miaka yote hiyo, na sijui ni mara ngapi alilazimika kulitazama.

Jumamosi iliyopita tuliondoa matanga yake, katika ua ule ule. Wimbo sasa uko kwenye simu ya Feza, umenakiliwa na watu nisiowajua, kutoka simu hadi simu. Feza alikuwa amekwisha kuinua kidole kuubonyeza nilipomshika mkono. Nilimwomba ampeleke mtu kwanza akapige kengele. Vijana wa korali walitazamana, mzee gani huyu, lakini mmoja alikwenda, na kengele ikalia juu ya migomba, nzito, ile ile. Nikausogeza wimbo hadi mwisho, nikasikiliza kengele ya ndani. Nikaurudisha mwanzo. Donati aliimba shairi la kwanza peke yake, kisha Mama Feza akaitika, kutoka tumboni, na Feza, aliyekuwa amesimama kando yangu, akanibana mkono kwa nguvu na kuniuliza kama sauti hiyo ya ujana ni ya mama yake.

"Njo yeye," nikamwambia.